Muziki wa Kazini: Pakua Mara Moja, Sikiliza Wiki Nzima

Pita Makongeni, Thika, mida ya saa nne asubuhi, na kila mlango una muziki wake. Kwa kinyozi ni mugithi, saluni jirani ni gospel, na fundi wa nguo ana earphone sikio moja huku cherehani ikikimbia. Muziki unasongesha siku, hiyo hatubishani. Lakini tukichagua huduma ya muziki, wengi wetu huuliza tu, "Gani iko na nyimbo nyingi?" Swali la mfukoni ni lingine: kwa mwezi, muziki huu unanigharimu ngapi, bando ikiwemo?

Bando ndiyo bili kubwa

Tuchukue Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021. Ukiweka ubora wa sauti wa juu, yaani kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja inakula takriban MB 72. Kazi ya saa nane ni kama MB 576. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hapo ni karibu GB 15, na bado hujafungua WhatsApp.

Shusha ubora hadi wa kawaida, kilobiti 96, na mwezi unakuwa kama GB 9. Kwa spika ndogo ya dukani, kukiwa na kelele za barabarani, si rahisi kusikia tofauti.

Njia bora zaidi ni kupakua. Nyimbo za saa tatu kwa ubora ule wa juu ni kama MB 216. Ukizipakua Jumapili jioni, kwa waifai au kwa bando ya bei nafuu, unazirudia wiki nzima bila kutumia data tena. Wimbo ambao utausikia mara 20 hauna haja ya kununuliwa bando mara 20.

Kila huduma na mtindo wake

*Spotify:* Akaunti ya bure ina matangazo, na kupakua nyimbo ni kwa anayelipia.

*Mdundo:* Ilianzia hapa Nairobi. Unapakua nyimbo bila kulipia na zinakaa kwenye simu yako. Kama unapenda wasanii wa Afrika, anza hapa.

*Boomplay:* Imekuwa ikija tayari ndani ya simu nyingi za Tecno, Infinix na Itel. Kuwa nayo kwenye simu hakumaanishi haili data.

*YouTube ya kawaida:* Hapa unabeba video pamoja na sauti, hata kama simu iko mfukoni na hakuna anayeitazama. Kwa muziki wa kutwa nzima, hii inaumiza bando.

Na usidharau redio. Kama simu yako ina FM ya kutumia earphones, Inooro au Radio Jambo haikudai hata MB moja.

Lipa kwa njia unayoweza kuisimamisha

Kabla ya kulipia, angalia mambo manne.

1. Bei iko kwa shilingi au kwa dola? Ya dola hubadilika na soko, na huenda ukakatwa ada ya kubadilisha pesa.
2. Unalipa kwa siku, wiki au mwezi? Kwa mtu wa kipato cha kila siku, malipo madogo ni rahisi kuyabeba, lakini yazidishe kwanza hadi mwezi uone kama hayapiti yale ya mwezi mzima.
3. Je, malipo yanajirudia yenyewe? Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Ingia kwenye akaunti, ghairi usajili, kisha ungoje ujumbe wa kuthibitisha.
4. Nani anapokea pesa? Mtu akikuuzia "Premium ya mwaka" kwa bei ya kutupa kwenye kundi la WhatsApp, unamlipa yeye, si huduma. Na PIN yako usimtajie mtu yeyote, hata akisema anakusaidia kujisajili.

Ukichezea wateja, kuna leseni

Hapa ndipo wenye saluni na vinyozi hushtukia. Akaunti ya Spotify ni ya matumizi yako binafsi, si ya biashara. Kuilipia hakukupi ruhusa ya kuchezea wateja. Nchini Kenya, biashara inayocheza muziki kwa umma inahitaji leseni kutoka kwa mashirika yanayokusanya mirabaha ya wasanii, na mashirika hayo huidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Kwa hivyo mtu akija dukani kudai pesa ya muziki, usikimbilie kutoa simu. Hakikisha kwanza shirika lake lina idhini ya sasa ya KECOBO. Lipa kwa akaunti rasmi ya shirika, kamwe si kwa namba ya mtu, na uhifadhi ujumbe wa malipo pamoja na leseni yako.

Jaribu wiki moja

Jumatatu, fungua mipangilio ya simu na uandike data iliyotumiwa na programu yako ya muziki. Jumamosi angalia tena. Toa ya kwanza kwa ya pili, zidisha mara nne, igeuze kuwa shilingi kwa bei ya bando yako, kisha ongeza ada ya usajili ya mwezi. Hiyo ndiyo bei halisi ya muziki wako. Ikipita ile uliyokuwa ukifikiria, anza na ubora wa sauti na kupakua kabla ya kuhama huduma.