Baiskeli, Watoto na Saa ya Zamu

Saa kumi na mbili na robo alfajiri, giza likiwa bado halijajitenga vema na mwanga, konstebo mmoja wa kike hutoka katika nyumba za polisi mjini Soroti, mashariki ya Uganda, akisukuma baiskeli kubwa nyeusi. Mbele yake, nyuma ya usukani, ameketi mtoto wa miaka mitatu. Nyuma, juu ya keria, yuko nduguye wa miaka sita, amebeba mfuko wa vitabu mgongoni. Saa moja kamili mama huyo hana budi kuwa kazini. Kabla ya hapo yampasa kuwafikisha watoto shuleni, umbali wa kilomita tatu hivi, na baba yao hayupo. Yeye ni sajini katika jeshi, naye wakati ule alikuwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kulinda amani mwezi wa Machi 2007.

Wake wa askari wataielewa hesabu ya mama huyo bila kuelezwa. Kwenda kwa miguu na mtoto wa miaka mitatu, ambaye kila kipepeo ni rafiki yake, kwachukua muda wa saa nzima. Kupanda pikipiki asubuhi na jioni, siku tano kila juma, kwamaliza fedha ya mboga kabla mwezi haujafika nusu. Baiskeli ilikuwapo, imeegemezwa ukutani tangu sajini aliposafiri. Nchi ya Teso nayo ni tambarare, tofauti na Kigezi ambako mwendesha baiskeli hushuka na kusukuma kila baada ya hatua chache. Kwa baiskeli, kilomita tatu ni robo saa, au dakika ishirini ikiwa mvua imenyesha usiku.

Basi mama akaanza. Lakini alianza kama watu wengi wanavyoanza: mkubwa akamkalisha juu ya mtaimbo wa mbele, mdogo akamweka nyuma juu ya gunia lililokunjwa, akamwambia, "Nishike kiuno, usiniachie." Siku nane zilipita salama. Siku ya tisa mdogo alisinzia. Mguu wake wa kulia ukateleza, ukaingia katikati ya spoku za gurudumu la nyuma, baiskeli ikasimama ghafla na wote watatu wakaanguka kando ya barabara.

Mpita njia mmoja alitaka kuuvuta mguu kwa nguvu. Mzee aliyekuwa akipeleka maziwa sokoni alimzuia, akashika gurudumu lisizunguke mbele wala nyuma, akazipinda spoku mbili kwa mikono hadi nafasi ikapatikana na mguu ukatoka wenyewe. Mzee yule, pengine bila kujua, alifanya hasa lililopasa kufanywa. Mguu ulionaswa hauvutwi. Gurudumu ndilo linalolegezwa, au spoku ndizo zinazopindwa au kukatwa.

Madhara ya namna hii yanajulikana sana na madaktari wa nchi zote zenye baiskeli nyingi, nayo huwapata hasa watoto wa miaka miwili hadi minane, wale wanaobebwa. Kisigino na kifundo cha mguu hubanwa kati ya spoku zinazozunguka na fremu isiyosogea. Wakati mwingine mfupa huvunjika. Wakati mwingine ule mshipa mnene ulio juu ya kisigino huumia. Linalowadanganya wazazi ni kwamba siku ya kwanza jeraha laweza kuonekana dogo, mchubuko tu, na mtoto akanyamaza baada ya kupewa andazi. Kumbe ngozi iliyosagwa ndani hufa polepole, na baada ya siku kadhaa hugeuka kuwa nyeusi. Kwa hiyo jeraha la spoku, hata likiwa dogo, yafaa lioshwe kwa maji safi mengi, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe hospitali siku ile ile ili mfupa upigwe picha na chanjo ya pepopunda iangaliwe. Majivu, mafuta ya breki na dawa ya meno, ambavyo jirani hakosi kuvileta, vibaki kwa jirani.

Mtoto wa konstebo hakuvunjika. Lakini kisigino kilibadilika rangi siku ya tatu, na kidonda kikasafishwa na kufungwa kwa muda wa majuma matatu. Mama akaamua kuiuza baiskeli. Usiku mmoja simu ilipopatikana, alimwambia mumewe hivyo.

"Mama watoto," sajini alisema baada ya kimya, "uliwaweka wapi miguu?"

"Walining'iniza tu."

"Basi usiuze. Mpeleke kwa fundi."

Fundi wa baiskeli chini ya mwembe hakuwa na haja ya kuelezwa kwa urefu. "Afande," alisema huku akilitazama gurudumu, "mtoto si gunia la mihogo. Gunia halina miguu." Kazi yake ilichukua siku mbili. Kila upande wa gurudumu la nyuma alifunga kibao chembamba cha kuzuia mguu usifike kwenye spoku, kuanzia keria hadi karibu na ekseli. Chini ya keria alichomelea vyuma viwili vya kukanyagia, na nyuma ya tandiko la mama akaweka mshikio wa bomba. Kwa ajili ya mdogo alitengeneza kiti cha mbao chenye mgongo na sponji, akakifunga kwenye fremu nyuma ya usukani, kikiwa na vikanyagio vyake na mkanda uliotokana na mfuko wa shule uliochakaa. (Mkanda wa jeshi ungefaa zaidi, lakini hiyo ni mali ya serikali.)

Mpango huo ulikuwa na akili. Viti vya mbele vinavyouzwa madukani hutengenezwa kwa watoto wasiozidi kilo 15 hivi, na vya nyuma kwa wasiozidi kilo 22. Mtoto wa miaka mitatu aliye na afya huwa na kilo kama 14, na wa miaka sita huwa na kilo kama 20. Mwepezi akae mbele, mzito nyuma. Aliye chini ya mwaka mmoja asipandishwe kabisa, hata akiwa amefungwa mgongoni kwa leso, kwa maana shingo yake haijapata nguvu ya kustahimili mitikisiko, na mama akianguka chali, mtoto ndiye wa kwanza kufika chini.

Askari wengi wamesikia habari za Dien Bien Phu, jinsi mwaka 1954 watu wa Vietnam walivyopeleka chakula na zana vitani kwa baiskeli, nyingine zikibeba mzigo wa zaidi ya kilo 200. Jambo ambalo husahauliwa katika masimulizi hayo ni kwamba baiskeli zile hazikupandwa. Zilisukumwa, tena kwa vijiti vilivyofungwa kwenye usukani na kwenye tandiko ili mtu apate kuzimudu. Baiskeli yenye mzigo ni mnyama mwingine. Hugeuka polepole, husimama kwa shida, na ni ya hatari hata inapokuwa imesimama, wala si inapokwenda tu. Watoto wengi huangushwa nayo nyumbani, mbele ya mlango, mama alipoisimamisha kwa steni akarudi ndani kuchukua ufunguo. Kwa hiyo mtoto hupandishwa mwisho, baada ya mizigo yote, naye hushushwa kwanza. Na katikati ya hapo mkono wa mzazi hauachi usukani.

Kabla hajambeba mtu, konstebo alifanya zoezi ambalo kila mzazi angelifanya kwa faida: alifunga nyuma gunia la mchanga lenye uzito wa mtoto, akaendesha uwanjani jioni tatu, akipinda, akipunguza mwendo, akisimama. Jioni ya kwanza alianguka na gunia. Hakuna aliyelia.

Breki za vyuma za baiskeli hizi nyeusi ni imara wakati wa kiangazi. Mvua inyeshapo, rimu ya chuma hulowa na raba huteleza juu yake, na umbali wa kusimama huongezeka sana. Dawa yake ni kuminya breki kidogo kidogo mapema, ili raba zifute maji, na kwenda mwendo wa kutembea kwenye mteremko. Raba iliyolika mpaka chuma kikaonekana ibadilishwe siku hiyo hiyo. Kupima ni rahisi: shika breki, sukuma baiskeli mbele, gurudumu likizunguka, safari haipo.

Kuhusu kofia ngumu, watu husema ni za matajiri. Ni kweli kwamba mpya zina bei, lakini za baiskeli zilizotumika huonekana katika masoko ya mitumba, na mnunuzi achunguze kama haina ufa, maana iliyokwisha kugongwa mara moja haiaminiki. Ikae sawa kichwani, vidole viwili tu juu ya nyusi, isirudi kisogoni kama kofia ya mchunga ng'ombe. Mikanda ipite mbele na nyuma ya sikio, na chini ya kidevu ibaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Kofia ya pikipiki haimfai mtoto mdogo, kwa kuwa ni nzito kwa shingo yake.

Barabarani mama huyo ana faida moja, nayo ni fulana ya kuakisi mwanga. Alfajiri huivaa juu ya sare, na mkubwa nyuma amefungiwa utepe wa namna hiyo kwenye mfuko wa vitabu. Hukaa upande wa kushoto, lakini hajibani ukingoni kabisa ambako changarawe zimemomonyoka, na kwenye mzunguko wa magari hushuka na kusukuma. Zamani alidhani kushuka ni aibu kwa mtu mwenye sare.

Wapo wanaosema kwamba baiskeli na watoto ni mambo ya Wazungu, ambao wamejengewa njia zao. Historia yasema vingine. Uholanzi, nchi inayosifiwa kuliko zote kwa jambo hili, ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani katika mwaka 1971 peke yake, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walikasirika. Waliunda chama ambacho jina lake lilikuwa na maana ya "Komesheni Mauaji ya Watoto", wakaketi katikati ya barabara, wakafunga mitaa watoto wacheze. Mwishoni mwa mwaka 1973 mafuta yakawa adimu, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao mji usio na magari ulivyo. Njia za baiskeli zilizotengwa zilienea baada ya hapo. Hazikuwako tangu mwanzo kama mito. Huku kwetu njia za namna hiyo ni chache mno, hata Kampala, na mzazi wa leo hawezi kuzingoja mpaka mtoto wake amalize shule. Lakini askari wa usalama barabarani, ambaye pengine naye ni mzazi, anaweza kusimama mbele ya lango la shule saa moja asubuhi, na hilo halihitaji bajeti.

Faida kubwa ya safari hizi mama hakuitazamia. Mtu anayefanya kazi ya zamu huwaona watoto wake wakiwa wamelala, au yeye akiwa hoi. Robo saa ya asubuhi juu ya baiskeli imekuwa ndiyo nafasi yao ya kuzungumza. Hakuna simu inayopokelewa, hakuna sufuria jikoni. Mkubwa husoma maandishi ya maduka kwa sauti, mdogo huhesabu mbuzi, naye akifika kumi huanza tena moja. Ni hapo mama alipojifunza kwamba mkubwa alikuwa akinyang'anywa chakula na mvulana mmoja shuleni, jambo ambalo mtoto hakulisema mezani kwa muda wa mwezi mzima. Labda ni rahisi kusema neno zito kwa mgongo wa mama kuliko kwa uso wake.

Mkubwa amekuwa mzito, na miaka sita ni umri wa kutosha kujifunza. Watoto wengi wa Teso hujifundisha kwenye baiskeli ya mtu mzima kwa kupitisha mguu mmoja chini ya mtaimbo, wakipedali huku wamepinda kama kamba. Hufaulu, lakini kwa magoti yaliyochunwa. Njia iliyo nyepesi ni kumpa baiskeli ndogo, kung'oa pedeli zote mbili, na kushusha tandiko mpaka nyayo zifike chini, ili aisukume kwa miguu kama anayetembea ameketi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mashine ya kwanza kabisa, aliyoitengeneza Karl Drais huko Ujerumani mwaka 1817: magurudumu mawili, bila pedeli wala mnyororo. Mtoto akishajua kujisawazisha, pedeli ni jambo la alasiri moja. Mzazi asishike usukani, wala asikimbie nyuma ameshika tandiko. Kufanya hivyo humfundisha mtoto kumwegemea mzazi.

Sajini aliporudi kwa likizo alinunua baiskeli ndogo iliyotumika, tairi moja likiwa na viraka vitano. Jumapili, baada ya kanisa, walikwenda wote wanne kwenye uwanja wa mpira, palipo na mteremko mdogo na nyasi. Uwanja wa gwaride ulikuwa karibu zaidi, lakini hakuna aliyethubutu kupendekeza. Baba aliketi chini ya mti, pedeli ziko mfukoni mwake. Mara ya kwanza mtoto alikwenda hatua tano akaweka miguu chini. Mara ya sita akateremka mteremko wote, miguu juu, kimya kabisa. Kisha akageuza baiskeli, akaja mpaka mtini, akanyosha mkono.

"Baba," akasema, "nipe pedeli zangu."