Je, Wajua? Ukiiuliza Kama Imelala, Unaiamsha

Laptopu nyingi za gemu na za wahariri wa video zina chipu mbili za kuchora picha, ingawa skrini ni moja. Ndogo imejengwa ndani ya prosesa kuu. Haina kumbukumbu yake, huazima ya kompyuta. Kubwa imekaa peke yake kwenye bodi, ina kumbukumbu yake na mirija ya shaba ya kupeleka joto kwenye feni. Zile zenye nguvu zaidi, zikiwa kwenye chaja na zimeshika gemu zito, huvuka wati 100.

Umeme huo una kazi, hauumi. Unaouma ni ule unaoliwa na chipu kubwa ikiwa macho bila shughuli. Chukua laptopu inayotumia wati 7 ukiandika barua: betri ya wati-saa 49 itakupa saa saba. Chipu kubwa nayo ikila wati 7 pasipo kuchora hata nukta moja, unabaki na saa tatu na nusu, na mapaja yenye moto. Kwa hiyo ufundi wote wa mashine hizi umo katika kujua nani anailaza na nani anaiamsha.

Mwanzoni aliyeamua ni mwenye laptopu. Mwaka 2006 Sony ilitoa Vaio SZ yenye swichi ya kusukuma kwa kidole: upande mmoja kwa ajili ya betri, upande mwingine kwa ajili ya kasi. Ukiisukuma, ulilazimika kuzima kompyuta na kuiwasha upya. MacBook Pro za mwisho wa 2008 zilipunguza usumbufu kidogo. Ulitoka kwenye akaunti yako na kuingia tena. Mimi ile swichi ya Sony naipenda hadi leo. Ukiitupia jicho tu, unajua nani yuko zamu.

Februari 2010 Nvidia, kampuni inayotengeneza chipu kubwa za aina hii, ikaleta teknolojia ya Optimus, na hapo mpango ukageuka. Waya wa skrini uliungwa kwenye chipu ndogo peke yake. Chipu kubwa ikawa kama mpishi wa pilau la harusi: anapika uani, wageni hawamwoni, na sinia linaingizwa ukumbini na mtu wa nyumbani. Inachora picha, picha inanakiliwa hadi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha ndogo inaitoa kwenye skrini. Programu ya Nvidia ina orodha ya majina: likifunguliwa gemu lililomo, mpishi anaitwa, likifungwa, anakatiwa umeme. Kubeba sinia kuna gharama yake, picha hupungua kasi kidogo, ndiyo maana mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilirudisha njia ya chipu kubwa kufika kwenye skrini moja kwa moja, safari hii bila kuzima kompyuta.

Optimus ilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Waliotumia Linux walinunua laptopu zilezile, na chipu kubwa ikabaki macho kutwa kucha, haichori wala hailali. Mwaka 2011 watu wa kujitolea wakaandika programu ya kuziba pengo hilo, wakaiita Bumblebee, kwa utani: Optimus ni jina la mkuu wa maroboti katika hadithi za Transformers, na Bumblebee ni mdogo wake kikosini. Siku moja kwenye hati yao ya usakinishaji ikaponyoka nafasi moja tupu. Amri ilikusudiwa kufuta folda ndogo iliyo ndani ya /usr, lakini nafasi ile iliangukia mara tu baada ya neno /usr, na kompyuta ikatii kama ilivyoandikwa: ikafuta /usr nzima, ambamo mna karibu programu zote za mfumo. Watu walitaka kuokoa betri, wakapoteza kompyuta.

Hasira za watu wa Linux dhidi ya Nvidia zilifika mbali. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, msikilizaji mmoja alimuuliza Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuhusu laptopu yake yenye Optimus. Torvalds akasema katika kampuni zote walizoshughulika nazo hakuna iliyokuwa mbaya kuliko Nvidia, kisha akaigeukia kamera na kuinyooshea kidole cha kati. Karibu miaka kumi ilipita kabla Nvidia haijaweka hadharani msimbo wa moduli zake za kiini cha Linux, Mei 2022.

Siku hizi mambo ni mepesi. Tangu 2018, Windows inakuruhusu kuipangia kila programu chipu yake kwenye mipangilio ya skrini. Kwenye Linux, kwa madereva huria (programu za kuiendesha chipu), unatanguliza DRI_PRIME=1 mbele ya jina la programu ili ichorewe na chipu kubwa. Mitego haijaisha, lakini. Kwenye laptopu nyingi tundu la HDMI limeungwa na chipu kubwa, kwa hiyo ukichomeka projekta kuonyesha slaidi tatu za maandishi, chipu hiyo imekwisha kuamka.

Mtego mwingine nausimulia kwa sababu unachekesha. Nvidia ina amri, nvidia-smi, inayoeleza hali ya chipu: joto lake, umeme inaotumia. Ila ili chipu ijibu, lazima iwe macho. Unauliza kama imelala, inaamka kukujibu, nawe unaondoka ukiamini haikulala kabisa. Kwenye Linux njia salama ni kusoma faili dogo liitwalo runtime_status chini ya /sys, ambamo kiini cha mfumo huweka kumbukumbu zake bila kuigusa chipu. Wapo walioweka kipima joto kizuri pembeni mwa skrini, kikiuliza kila baada ya sekunde mbili, huku wakijiuliza betri inakwenda wapi.