Trauti wa Gura na maji ya mfereji wa Tassia

MKAZI wa mtaa wa Tassia, Embakasi jijini Nairobi, anapofungua mfereji na kuona maji yakitiririka, ni nadra kwake kuwazia yalikotoka. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka katika milima ya Nyandarua, hasa kupitia bwawa la Ndakaini katika Mto Thika. Katika mito ya milima hiyo huishi samaki mmoja mchaguzi mno: trauti.

Samaki huyu hastahimili maji machafu wala ya vuguvugu. Ndiyo maana wavuvi wazoefu humchukulia kuwa shahidi wa hali ya mto. Akiwapo, maji ni mazima. Akitoweka, kuna jambo.

Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mnamo 1905, mlowezi Ewart Grogan, ambaye awali alikuwa amesafiri kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa katika Mto Gura, Nyandarua. Baadaye aliletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini. Mnamo 1948 kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki hao kilianzishwa Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri.

Anayetaka kumvua hana budi kuwa na leseni, na pia kulipa ada ya kuingia mbugani iwapo sehemu anayoiendea imo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare. Kutoka Tassia, itambidi aondoke kabla ya alfajiri ili afike mtoni mapema.

Uvuvi wenyewe hautumii mnyoo wala donge la ugali. Chambo ni nzi bandia: ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi, manyoya ya ndege na nywele za wanyama, hata ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Kwa kuwa nzi huyo hana uzito, kinachorushwa hasa ni mshipi mzito, nao humvuta nzi hewani na kumtua juu ya maji taratibu.

Trauti hukaa akielekeza kichwa mkondo utokako, kwa sababu huko ndiko chakula kinakotoka. Hivyo basi, mvuvi humwendea kutoka nyuma, akipanda mto polepole, akichunga kivuli chake kisiangukie maji. Samaki akimdaka nzi, mvuvi hana budi kukaza mshipi mara moja, la sivyo samaki atatambua hila na kumtema.

Siku nzima inaweza kupita bila samaki hata mmoja. Mvua ikinyesha kule juu, mto hugeuka rangi ya udongo, samaki asimwone nzi. Hapo mvuvi hufunga virago. Lakini huwa amejifunza jambo: maji yakichafuka upesi baada ya manyunyu tu, yamkini kuna mahali msitu umekatwa au shamba limelimwa hadi ukingoni.

La kustaajabisha ni kwamba nzi hao bandia hutengenezwa papa hapa Nairobi. Kwa miaka mingi, karakana za jijini zimewaajiri mafundi, wengi wao wanawake, wanaowafunga nzi hao mmoja mmoja kwa mkono ili wauzwe Ulaya na Marekani. Fundi huweza kufunga maelfu ya nzi bila kuwahi kumwona trauti akiogelea.

Kwa nini basi trauti apende milima? Jibu ni oksijeni. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za hewa hiyo. Yakifika nyuzi 25 hubeba takriban 8 pekee. Trauti hustawi maji yakiwa chini ya nyuzi 20, na joto likikaribia 25 maisha yake huwa hatarini. Isitoshe, hutaga mayai katikati ya changarawe. Tope likiziba changarawe hizo, mayai hukosa hewa na kufa.

Sasa tuutazame Mto Ngong, upitao kando ya Tassia. Nao huanza ukiwa kijito magharibi mwa jiji, kisha hupitia Bwawa la Nairobi karibu na Kibera, Eneo la Viwanda na mitaa ya Mukuru. Njiani hupokea majitaka ya vyoo, mabaki ya viwanda na takataka za kila aina. Bakteria wanaoozesha uchafu huo huitumia oksijeni karibu yote, ndipo maji yakawa meusi na kunuka. Hakuna haja ya kumtaja trauti. Hata samaki wagumu hawawezi kuishi humo.

Inasikitisha, kwani jina la Nairobi lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi.

Juhudi za kuirejesha hali ya awali zimekuwapo. Mnamo 2008, John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, Mto Nairobi ulisafishwa hadi watu wakaanza kupumzika kingoni mwake. Mwaka wa 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu waondoke katika ukanda wa mita 30 kutoka mtoni, agizo lililowaacha wengi bila makao.

Hata hivyo, kuzoa taka na kubomoa nyumba hakutoshi iwapo mabomba ya majitaka yataendelea kumwagwa mtoni. Mto husafishwa kwa kuzuia uchafu utokako, si kwa kuuokota ufikapo.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Haki hiyo ina pande mbili kwa mkazi wa Tassia: mto anaouona dirishani, na mito ya mbali inayomjazia mtungi. Wa kwanza umekwisha kuharibika na ukarabati wake ni ghali. Ile ya mbali ingali na trauti. Kuilinda sasa ni nafuu kuliko kuja kuifufua.