KANGA ZA KALE NI MALI

Wenzangu wengi hucheka wanaposikia kwamba shangazi yangu wa Tanga anapata riziki yake kwa kununua na kuuza kanga za kale. Huniuliza, "Nani atatoa fedha anunue tambara?" Mimi nimekuwa nikimsaidia kazi hiyo kila likizo tangu nilipokuwa Kidato cha Kwanza, nami naona yafaa nieleze katika gazeti letu namna inavyofanyika, ili wanafunzi, walimu na wazazi wapate kuijua.

Kwanza tuijue nguo yenyewe. Kabla ya kanga, watu wengi wa pwani walivaa merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ililetwa Unguja na merikebu za Marekani, hasa kutoka bandari ya Salem. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani. Palikuwa pia na kaniki, nguo ya rangi ya giza, iliyovaliwa sana na watumwa. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa pwani walianza kuunga leso za rangi, sita pamoja, zikawa shuka moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Sheria ya mwaka 1897 ilipoukomesha utumwa Unguja, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga. Kwao kanga ilikuwa ushahidi kwamba sasa ni watu huru.

Kila kanga ina pindo, nayo ni mapambo ya pembeni. Ina mji, yaani sehemu ya katikati. Na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Kanga mbili za namna moja ni doti. Maarufu kuliko zote ni kisutu, yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo ni nguo ya harusi.

Sasa, umri wa kanga hujulikanaje? Shangazi hutazama mambo manne. La kwanza ni maandishi. Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye zikashika herufi za Kirumi. La pili ni alama ya mwenye duka. Kwa mfano, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, lilichapa maneno "Mali ya Abdulla" katika kanga zake. Lakini alama hiyo ilitumika miaka mingi mno, kwa hiyo haitoshi peke yake kuthibitisha umri. La tatu ni tukio au kiwanda. Kanga yenye alama ya kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo, hata muuzaji akiapa. La nne ni uzi. Chomoa uzi mmoja wa ukingoni, uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa kiwandani uliochanganywa na plastiki huyeyuka na kuacha kitone kigumu.

Bei hutegemea uzima wa nguo. Doti kamili ina thamani kuliko kanga moja iliyopoteza mwenzake, na doti ambayo haijakatwa wala kupindwa huthaminiwa zaidi. Wanunuzi ni washonaji, maarusi wanaotaka nguo kama za bibi zao, na watu wanaokusanya.

Kuzitunza ni kazi kubwa. Jua hufifisha rangi, unyevu huleta ukungu, na wadudu hupenda wanga uliobaki katika nguo. Kabla ya kufua, tunagusa kila rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hatutii majini. Hatutumii dawa ya kung'arisha. Tunaanika kivulini, na kila baada ya muda tunazikunjua na kuzikunja upya mahali pengine, maana mkunjo ukikaa miaka hukata nguo. Pini za chuma haziruhusiwi, kwa ajili ya kutu.

Ama jambo lililo kubwa kuliko yote ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu lina gharama na mauzo, lakini pia lina habari za kila nguo: ilitoka mji gani, nani aliivaa, na kwa shughuli gani.

Desemba iliyopita bibi mmoja jirani alituletea doti tano. Alihitaji fedha za dawa, na mchuuzi mmoja alikwisha mwahidi shilingi 20,000 kwa zote. Shangazi alizifungua moja moja, kisha akamwambia, "Bibi, hii kisutu ya herufi za Kiarabu peke yake inapita bei hiyo. Usiiuze kwa shida ya siku moja." Akampa shilingi 100,000 kwa zile nne nyingine. Bibi alitueleza kwamba kisutu ile alipewa mama yake siku ya harusi, nami nikayaandika maneno yake yote. Kisutu yenyewe alirudi nayo nyumbani, amwekee mjukuu wake.

Mtu aweza kusema kwamba shangazi alipoteza faida. Lakini zile nne, baada ya kufuliwa na kutiwa viraka, ziliuzwa shilingi 160,000. Na kabla likizo haijaisha, wazee wawili walikuja kwetu kwa kuwa bibi yule aliwaambia kwamba hapa hawatapunjwa. Yule mchuuzi huchukua robota zima bila kuuliza neno. Nguo zile zikifika sokoni hakuna ajuaye tena zilikuwa za nani, na mwenyewe akifa, habari hazipatikani kwa bei yoyote.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu: mkirudi nyumbani likizo hii, mwombeni bibi au mama afungue sanduku lake. Chukueni daftari na kalamu, mwulize kila nguo ilitoka wapi, mkaandike. Wazazi nao nawaomba wasigeuze doti za kale kuwa matambara ya kupigia deki kabla ya kuzitazama. Ukiamua kuuza, uza ukijua thamani yake. Ukiamua kuweka, weka na habari zake.