Mathenge: Mti Mmoja, Majina Mengi

Bila shaka unaufahamu mti huu hata kama jina lake hulijui. Ni ule wa kijani uliojaa kando ya laga ya Tarach, wenye miiba mirefu, usiokauka hata mvua ikikosa mwaka mzima. Ndio ua la nyumba nyingi hapa Kakuma, na ndio kuni na makaa tunayopikia. Wakenya huuita mathenge, ambalo ni jina la mwanamume wa Kikikuyu. Waturkana husema etirae. Ndugu zetu wa Sudan huuita meskit, na Wasomali wengi garanwaa, yaani kitu kisichojulikana.

Nimeanza na majina kwa sababu tukipita nyumba kwa nyumba, mama huambiwa asimlishe mbuzi mathenge naye huitikia vizuri kabisa. Kumbe mti huo anaujua kwa jina lingine, na maganda yake yamejaa guniani nyuma ya jiko.

Asili ya mti huu ni Amerika ya Kati na Kusini. Huko Baringo ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na uwape watu kuni. Ulienea kuliko walivyotarajia, ukameza malisho. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka hadi mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Wengine walicheka walipoisikia habari hiyo, lakini mwenye mbuzi hakucheka. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mti huo kuwa gugu hatari.

Je, unadhuru vipi? Majani yake ni machungu na mnyama huyaepuka. Kinachomvuta ni maganda, ambayo yakiiva huwa ya manjano na matamu. Sukari yake hunata kwenye meno, na meno huoza. Tena maganda hayo yana sumu inayoharibu mishipa ya fahamu inayoendesha taya. Mnyama aliyeyala kwa wiki nyingi bila chakula kingine hushindwa kutafuna, udenda humtoka, ulimi huning'inia, na mashavu hunywea. Anakonda huku chakula kiko mbele yake. Huko Brazil wafugaji wameuita ugonjwa huo "uso uliopinda" kwa lugha yao ya Kireno. Ng'ombe na mbuzi wote hupatwa.

Si wengi kambini wanaofuga, lakini wapo wenye mbuzi wawili watatu kwa ajili ya maziwa ya watoto. Hao ndio ninaowaandikia hasa. Tafadhali msichanganye maganda haya na ya mgunga ambao Waturkana huuita ewoi. Maganda ya ewoi hujisokota kama kamba iliyokunjwa, na ni chakula kizuri cha mbuzi tangu zamani. Ya mathenge ni marefu, yamenyooka au yamepinda kidogo tu kama maharagwe mabichi.

Wakati wa kiangazi huenda huna kingine cha kumpa mnyama. Basi kausha maganda, uyasage pamoja na mbegu zake, kisha uchanganye kopo moja la unga huo na makopo matatu ya majani makavu au chakula kingine. Ukisaga mbegu unapata faida mbili, kwani mbegu nzima haiyeyuki tumboni. Hutoka na mavi, ikaota hapo hapo.

Mbuzi akifa mwenyewe, usimle wala usimuuze. Kwa macho huwezi kujua kama kilichomuua ni mathenge au ni kimeta, na kimeta humwua binadamu pia.

Sasa miiba. Kwetu sisi watu hii ndiyo hatari kubwa zaidi, maana hufika sentimita 5 na hupenya sandali za akala. Mkikata matawi ya kujengea ua, okoteni vipande vyote njiani, watoto wanacheza hapo bila viatu. Aliyechomwa aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, autoe mwiba wote kama unaonekana. Asipake udongo, majivu wala mavi ya ng'ombe, kwa maana huko ndiko vijidudu vya pepopunda vilipo. Mwiba ukikatikia ndani, ukiingia karibu na goti au kifundo, au mguu ukivimba na kutoa usaha, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata uvimbe. Chukua kadi yako ya chanjo, mama mjamzito pia na ya kliniki, ili mhudumu aone mara ya mwisho ulichanjwa lini dhidi ya pepopunda. Kama kadi ilipotea safarini, nenda hivyo hivyo, utachanjwa.