Kutoka Gitaa Hadi Jukwaani

Dada yangu alinituma kutoka Mombasa nikamkanye mwanawe anayeishi Upper Hill, Nairobi. Kijana ameacha bendi yake ya roki, sasa atunga michezo ya kuchekesha. "Mwambie atafute kazi ya maana," ndivyo nilivyoagizwa.

Nilimkuta baada ya Isha, daftari gotini. "Mjomba, kwani Eric Wainaina alikosea?" akaniuliza.

Hapo nikanyamaza. Bwana huyo aliimba na kundi la Five Alive, kisha akasomea muziki Berklee, Marekani. Wimbo wake "Nchi ya Kitu Kidogo" uliwachoma wala rushwa mwaka 2001. Baadaye akashika kutunga michezo ya nyimbo. "Mo Faya", unaomhusu mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda, ulifika New York mwaka 2009. Lakini yeye hakuacha kuimba, na hilo nilimkumbusha kijana.

Hakubisha. Akanisomea onyesho la posa: mshenga keshakaribishwa, kahawa imemiminwa, naye amesahau jina la anayemposea! Wallahi nilicheka hata kofia ikaanguka.

Kesho napanda gari kurudi Mombasa. Dada ataniuliza, nami sijapata la kumjibu.