Tumshangilie Nani Kwenye Theluji?



Sisi tuliolelewa Tanga, ambako theluji ilikuwa picha ya kilele cha Kilimanjaro katika kitabu cha jiografia, tuna taabu moja ambayo hatujaiona ikiandikwa katika jarida letu hili. Kila baada ya miaka minne huja Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Watoto hujazana mbele ya televisheni, nasi wazee huketi nyuma yao na vikombe vya chai ya tangawizi, tukitafuta mtu wa kumshangilia. Katika mbio ndefu hatuna shida, kwani Wakenya na Waethiopia huwa mbele na sisi hujivunia kana kwamba tumekimbia wenyewe. Lakini watu wanapoteremka mlimani kwa mbao mbili miguuni, tunabaki kama wageni katika arusi ambayo hatumjui bwana arusi wala bibi arusi.

Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa nyepesi: tutazame rangi. Mwaka 1988, huko Calgary, tulimshangilia Debi Thomas wa Marekani, aliyepata medali ya shaba katika kuteleza kwa madaha juu ya barafu, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata medali katika michezo ya baridi. Mwaka huohuo tuliwashangilia vijana wa Jamaica, ambao kigari chao kilipinduka kwenye njia ya barafu, wakainuka na kutembea kando yake mpaka mwisho. Kisha akaja Surya Bonaly wa Ufaransa, aliyekuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, tangu 1991 hadi 1995, na kila mara dhahabu ya dunia ikampita. Mwaka 1994, kule Chiba, Japani, alipopewa fedha aliivua shingoni palepale jukwaani. Tulimtetea kwa maneno makali sana, ingawa mavazi ya mchezo ule yalitulazimisha kutazama dari kwa muda mrefu kuliko tulivyotazama barafu. Watoto walilijua jambo hilo na walilicheka chinichini.

Sasa tuje kwenye mwaka 1998, michezo ilipofanyika Nagano, Japani. Kenya ilipeleka mtu mmoja, Philip Boit, mtu wa nyanda za juu za Bonde la Ufa, mkimbiaji wa mita 800, jamaa yake Mike Boit aliyepata medali ya shaba Munich mwaka 1972. Theluji aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Finland kufundishwa kwa udhamini wa kampuni moja ya viatu vya michezo. Mbio zake si zile za kuteremka tu. Mtu huvaa skii nyembamba na ndefu, akashika fimbo mbili, akapanda na kushuka vilima kwa nguvu za mapafu na mikono yake. Waliomdhamini walidhani kwamba mwenye pumzi za Eldoret atajifunza yaliyobaki upesi. Watu wa kaskazini huanza kujifunza yaliyobaki hayo mara tu wanapoweza kusimama.

Sisi si Wakenya. Lakini mtu akishavuka bahari, mpaka wa Horohoro hufutika wenyewe. Basi usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, tukiwa mezani, tukatangaza kwamba nyumba hii ni ya Boit. Mwanetu wa pili, aliyekuwa na miaka tisa, akasema yeye anamtaka Bjørn Dæhlie wa Norway. Tukamwuliza Norway ina nini naye. Akajibu, "Baba, yeye ndiye anayeshinda." Hapo tukatamka neno ambalo mpaka leo tunalijutia: "Basi nenda kwa huyo Dæhlie wako akakupikie wali." Mama yake akatutazama, kisha akaanza kuondoa vyombo kabla hatujamaliza kula.

Tarehe 12 Februari zikafanyika mbio za kilomita 10. Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25, akawa wa 92, nyuma ya watu wote waliofika.

Mtoto akarudi kutoka shule akiwa kimya. Kwa kumbembeleza sana mama yake akapata habari: wenzake walimwambia kwamba ndugu yake angechelewa kidogo tu angekuta uwanja umefungwa. Yeye ambaye hakumshangilia Boit hata kidogo ndiye aliyechekwa kwa ajili yake. Tulifundisha shule kwa miaka mingi, wasomaji, na tulijiona tunawafahamu watoto. Jioni ile ndipo tulipotambua kwamba wetu, alipomchagua yule Mnorway, hakuwa akiikana asili yake. Alikuwa akitafuta walau siku moja ya kuwa upande wa washindi, katika shule ambamo hapiti juma bila kuulizwa kwao ni wapi. Nasi tulikuwa tumemfukuza mezani kwa mzaha.

Usiku ule televisheni ikaonyesha jambo ambalo halikuwa katika hesabu ya dakika. Dæhlie alikuwa amekwisha kushinda, na walioandaa michezo walitaka kuendelea na shughuli ya kuwatuza washindi. Yeye akakataa kuondoka kabla Mkenya hajafika. Akasimama kwenye baridi, dakika baada ya dakika, mpaka Boit alipotokea, naye akamkumbatia palepale kwenye mstari. Tukamwita mtoto, akaja na nguo zake za kulalia. Akatazama kwa muda, kisha akasema, "Ona Baba, Dæhlie wangu anamngoja Boit wako." Tukamwambia wali upo jikoni, tumemwekea.

Boit naye alimpa mwanawe jina la Dæhlie, jina la Kinorway kwa mtoto wa Kikalenjin, na akarudi tena kwenye michezo hiyo Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006. Dæhlie alistaafu akiwa na medali 8 za dhahabu za Olimpiki. Tukiwataja nyumbani kwetu, tunawataja pamoja, kama watu wanavyotaja pacha.

Kanuni ya rangi hatukuitupa, maana damu ni nzito. Tulimshangilia Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana, aliyejifunza kuteleza katika ukumbi wa theluji wa Milton Keynes, hapa Uingereza, na huko Vancouver mwaka 2010 akawa wa 47 kati ya 48 waliomaliza, ilhali wengi waliomzidi sifa walianguka njiani. Lakini siku hizi kila mtu katika nyumba hii huchagua wake bila kuomba ruhusa. Mwaka 2002 mama watoto aliwachagua akina mama wa Uskochi wanaosukuma mawe juu ya barafu na kuyafagilia njia, akakesha nao mpaka wakapata dhahabu. Alisema angalau huo ni mchezo ambao kazi yake anaifahamu.

Na sasa kuna binti wa huyo mwanetu, ambaye wake ni Zahra Lari wa Abu Dhabi. Huyu huteleza kwa madaha akiwa na hijabu. Mwaka 2012, katika mashindano nchini Italia, waamuzi walimpunguzia alama kwa sababu ya kitambaa chake cha kichwani. Hakukivua wala hakuacha mchezo. Aliwaeleza wakuu wake, na baadaye kanuni zikarekebishwa. Olimpiki hakuifikia. Mjukuu wetu halijali hilo. Amebandika picha yake mlangoni mwa jokofu, na Jumamosi, akitoka madrasa, hutaka kupelekwa kwenye uwanja wa barafu. Wapo wazee wenzetu ambao hawajapendezwa, na wametuambia waziwazi. Tumewasikiliza kwa heshima, na mtoto tunampeleka.

Jumamosi iliyopita alianguka mara sita, tulihesabu. Mara ya saba tulitaka kwenda kumwinua, akatupungia mkono tukae. Baba yake alikuwa amesimama ukingoni, ameshika viatu vyake vya kawaida, akimngoja.